Baskeli ya Shamsa wa Al Kamil

Mmeniomba niandike habari za kazi yangu kwa Kiarabu ili kila mtu pale kituoni asome. Sitaki. Kiarabu changu cha kuandika ni cha ripoti, na ripoti nimeandika za kutosha. Hakuna hata moja niliyotia ndani yake jambo lililoniuma. Naandika kwa Kiswahili cha mama yangu, aliyekuja nacho kutoka Pemba pamoja na mbuzi yake ya kukunia nazi. Nyinyi wawili watatu mnaokisoma mtawatafsiria wenzenu. Na neno likiwashinda, waulizeni bibi zenu wangali hai.

Sitaeleza nilipandishwa cheo lini. Haikutokea mara nyingi, na kila ilipotokea, asubuhi yake nilikuta spana ziko palepale. Nitaeleza kazi.

Mie niliingia kituoni kuwa mshonaji. Wakati huo kituo kilikuwa nyumba ya kukodi hapa Ibra, Omani, yenye ua mkubwa wa vumbi, na watoto waliokuwa wakiletwa walikuwa wachache kwa sababu watu bado waliona haya kuwatoa nje watoto wao walemavu. Niliambiwa nitashona mikanda ya viti vya magurudumu, mito ya kukalia na foronya. Nikaja na cherehani yangu mwenyewe, maana ya kituo ilikuwa "njiani". Nimestaafu, nayo bado iko njiani.

Siku ya kwanza nilielekezwa kwenye banda la bati lililokuwa nyuma ya ua. Ndani nilimkuta mzee amepiga magoti, ameweka sikio lake juu ya gurudumu la baskeli na analizungusha kwa kidole kimoja.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nyamaza kidogo, nasikiliza gololi."

Alipomaliza alinisogezea gurudumu. "Na wewe sikiliza. Ikisaga kama mchele wenye mchanga, ujue ndani kumeliwa. Wewe ndiye mshonaji?"

"Ndiye."

"Unajua kupima mtu?"

"Napima kanzu na magauni."

"Basi nusu ya kazi hii unaijua. Hapa vinaletwa viti vilivyopimwa kwa mtoto aliye kitabuni. Mie sijapata kumwona mtoto huyo akipita mlango huu."

Huyo ndiye Ami Hemedi, fundi wa kituo. Ufundi wa baskeli aliupata Unguja, katika duka la Mhindi mmoja kule Mlandege, tangu akiwa kijana wa kufagia vyuma. Alipohamia huku alitaraji kazi ya mezani kama walivyotaraji wengi wetu. Akapewa banda. Hakulalamika, ila banda lile alikuwa akiliita "ofisi", na akiulizwa na mgeni yuko wapi mhandisi, hujibu, "Kaenda kula."

Kwake nilijifunza kwamba baskeli ya mtoto mwenye miguu mikavu si mchezo. Mguu usiokunjwa unakauka kama ngozi iliyoachwa juani. Mtoto akikanyaga pedeli kila siku, goti linakumbuka kazi yake. Kwa hiyo tulitengeneza baskeli za magurudumu matatu, zenye kiti cha kuegemea mgongo, mkanda wa kiunoni, na viatu vya mbao juu ya pedeli vyenye kamba za kufunga mguu usichopoke. Mikanda na mito ndiyo ilikuwa kazi yangu. Baadaye nikaanza kushika spana, kwanza kwa sababu mikono ya Ami Hemedi ilikuwa inatetemeka, kisha kwa sababu niliipenda.

Hakupima kwa futi ya chuma. Alisema chuma ni baridi na mtoto akishituka anakaza miguu, unapata kipimo cha woga. Alipima kwa uzi wa pamba, akifunga fundo kwenye goti na fundo kwenye kisigino, huku akimwuliza mtoto habari za mbuzi wao. Alinionya nisifungue kitu kabla ya kukisafisha, kwa sababu uchafu unakuonyesha wapi mafuta yanavuja na wapi chuma kimepasuka. Na nati haitupwi. Nati ya leo haina kazi. Ukiikosa kesho, ndiyo itakayokutoa machozi.

Vifaa tulivitafuta kama kuku anavyotafuta punje. Mikanda tuliikata kwenye magari yaliyopinduka, kwa hisani ya gereji za Sanaiya, mtaa wa viwanda. Magurudumu tuliyapata kwa vibarua wa mashambani waliokuwa wakibadilisha baskeli zao, na wao walizitumia mpaka zimebaki jina tu. Minyororo na pedeli tulinunua Nizwa siku ya Ijumaa, pembezoni mwa soko la mbuzi, na kulikuwa na mzee mmoja Sur mwenye duka la vipuri aliyekuwa akituwekea ringi ndogo chini ya meza kama mtu anayeficha haluwa ya Idi. Kila mwaka tuliambiwa huu ni mwaka mgumu, tuvumilie. Mwaka mwepesi sikuuona.

Macho ya Ami Hemedi yaliposhindwa, akastaafu. Akapewa saa ya ukutani, mtu asiyeona mishale. Nafasi yake haikujazwa. Nilibaki mie, mshonaji, na kwa miaka yote iliyofuata niliitwa mshonaji hata nilipokuwa nimelala chini ya baskeli na grisi mpaka viwikoni. Alipokufa nilikwenda matangani kwao nikakuta majirani, vibarua wawili wa Kibangali waliokuwa wakimletea ringi, na wazazi wa watoto aliowatengenezea. Kutoka ofisini hakuja mtu. Siku hiyo kulikuwa na semina kuhusu kuwathamini wafanyakazi.

Sasa nakuja kwa Shamsa, na ndiye aliyenifanya nikubali kuandika.

Aliletwa na bibi yake, Bi Rayya, kutoka Al Kamil. Bi Rayya ni wa rika langu, kazaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha mjini, kilichopigwa pasi. Mwanawe, baba wa Shamsa, alikuwa na shamba dogo la mitende na majani ya mifugo lililokuwa likikauka kidogo kidogo, na mama wa mtoto alikuwa keshakufa. Pamoja nao alikuwepo Mwanaidi, binti wa Tanga aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwao. Yeye ndiye aliyembeba Shamsa kutoka garini, naye mtoto hakuwa mdogo tena. Alikuwa msichana wa skuli, mwenye mdomo na miguu iliyokazana kama mkasi.

"Shikamoo mama," Mwanaidi akasema huku anahema. "Nimkalishe wapi?"

Kabla sijajibu, Shamsa mwenyewe akasema, "Pale juu ya baskeli."

"Ile ni ya mtoto mwingine," nikamwambia.

"Nitampa akija."

Bi Rayya akaguna. "Binamu zake wote wana baskeli, Bi Zuwena. Yeye hukaa barazani akawahesabia mizunguko. Juzi kaniambia, 'Bibi, mie nimechoka kuhesabu.' Nimekuja, mwenzangu. Mpya hatuiwezi, nimeulizia Maskati, ni vitu vya watu wengine. Lakini nimesikia wewe unashona hata vyuma."

Nikampima kwa uzi. Alinieleza habari za mbuzi wao bila kuulizwa.

Kituoni sikuwa na fremu ya kumtosha. Bahati nilikuwa nimesikia kwamba kambi moja ya watalii kule Mintirib, pembeni ya mchanga wa jangwani, imetupa baskeli ya magurudumu matatu, ile ya watu wazima, iliyoliwa na chumvi na vumbi. Baba wa Shamsa akaenda kuichukua kwa gari la shamba. Ilipofika, Mwanaidi aliitazama akasema, "Mama, hii si imekufa?" Nikamwambia huku kwetu tunafua sanda tunashona kanzu. Akacheka, lakini nilimwona anamtazama mtoto kwa huruma.

Nyinyi mnaoanza kazi, nisikilizeni hapa. Fremu ilikuwa kubwa, na kufupisha fremu ni hatari, kwa hiyo sikugusa mgongo wake. Nilisogeza kiti mbele na kukishusha. Mikono ya pedeli ilikuwa mirefu kwa magoti yake, yangekunjika kupita kiasi chake. Nikampelekea fundi wa Sanaiya aitoboe upya karibu na katikati, pedeli zikakaa ndani zaidi, duara likawa dogo. Pedeli nilizifunga ziende pamoja na gurudumu, hata mguu ukigoma gurudumu linauvuta kwa upole. Nyuma niliweka mpini wa kusukumia. Kiti nilikishona kwa turubai la hema, rangi ya kijani, kwa sababu Shamsa alisema waridi ni ya watoto.

Kwa wiki nyingi Mwanaidi alimsukuma ua mzima wa kwao. Kisha akawa anashika mpini tu bila kusukuma. Siku moja Bi Rayya akanipigia simu, nikadhani kuna msiba, maana alikuwa analia.

"Kaenda dukani," akasema.

"Nani?"

"Shamsa! Kaenda duka la ami yake, peke yake, nimemtuma ndimu."

"Akarudi?"

"Karudi bila ndimu. Kasahau. Kapita duka, kafika mpaka msikitini, watu wamemshangaa, yeye kawapungia mkono kama bi harusi."

Mwanaidi akachukua simu. "Mama, nilimfuata kwa mbali, nikajificha nyuma ya mitende. Asijue tafadhali."

Nimefanya kazi miaka mingi, na nikiulizwa ujira wangu ulikuwa nini, nataja hizo ndimu zisizonunuliwa.

Mtoto huota kama mtende uliopata maji. Katika miaka iliyofuata nilisogeza kile kiti nyuma, nikakipandisha, nikarefusha mkanda. Halafu fremu ikapasuka chini ya kiti, pale ilipoliwa na kutu ya zamani. Wakaileta kituoni. Nilipoisafisha nikaona ufa mdogo tu. Ilitaka kipande cha bomba la chuma cha kutia ndani, kuchomewa vizuri, na tairi mpya za nyuma. Nikaenda kwa mudir, mkuu wa kituo, kuomba.

Mudir wetu wa wakati huo hamkumkuta, keshahamishwa, kapanda. Alikuwa kijana msafi, mwenye manukato mazuri. Akiniita "khalti", mama yangu mdogo, na hilo ni neno la heshima, ila pia hutumika kumfunga mtu mdomo.

"Khalti Zuwena," akasema, "mbona unahangaika na kutu? Kuna mfadhili anatuletea baskeli mpya kabisa, za nje, maalumu. Shamsa atakuwa wa kwanza."

"Zinafika lini?"

"Karibuni, inshallah."

"Basi niruhusu nishone ufa huu, aendeshe mpaka hiyo karibuni ifike."

"Nikitumia bajeti kutengeneza, halafu mfadhili aje aone tunatengeneza, atasema hatuhitaji mpya. Subiri kidogo."

Nikasema nitatengeneza kwa njia zangu, nisiguse bajeti. Akatabasamu. Akaniambia niende kwanza mafunzo ya Nizwa, siku chache, nikirudi tutazungumza. Nikaifunika baskeli kwa shuka, nikaandika jina la Shamsa juu ya karatasi na kuifunga kwenye usukani, nikaenda Nizwa. Huko tulifundishwa jinsi ya kutunza vifaa.

Niliporudi banda lilikuwa limefagiwa. Ukuta umepakwa rangi. Viti vibovu, fremu, makopo yangu ya nati, mikono ya pedeli aliyoniachia Ami Hemedi, vyote vimepakiwa kwenye lori la chuma chakavu, kwa sababu wageni wa mfadhili watapita na haifai waone takataka. Ile baskeli ya kiti cha kijani ilikwenda nayo. Mlinzi aliniambia aliona karatasi yenye jina, akawaambia wapakiaji, wakamjibu wameamriwa kila kitu.

Nikaingia kwa mudir bila kubisha hodi.

"Baskeli ya mtoto iko wapi?"

"Khalti, si anapata mpya?"

"Anayo mkononi?"

"Wiki ijayo."

"Mudir, yule mtoto miguu yake haijui wiki ijayo."

Akaniambia kwa upole nikapumzike, nimechoka na safari. Nilikwenda Sanaiya mchana huo huo. Mwenye yadi alikuwa mtu mwema, akaniruhusu nitafute. Nilikuta kiti. Turubai la kijani limechanika, fremu imekwisha kukunjwa na mashine pamoja na mafriji ya watu.

Siku ya hafla ilifika kweli, sitasema uongo. Kulitandikwa zulia uani, kukawekwa viti vya kitambaa cheupe na kahawa ya mfululizo. Shamsa aliletwa amevaa nguo ya Kiomani ya rangi ya zambarau, iliyoshonwa kwa siku hiyo, ndefu mpaka chini. Baskeli ilikuwa nyekundu, inang'aa, mashaallah, sina la kuitia ila. Ila moja tu: ilikuwa ya mtu mzima. Nilipomwinua Shamsa tukamkalisha, miguu yake ilining'inia juu ya pedeli kama nguo kwenye kamba. Hakuna mkanda. Hakuna kishikio cha miguu. Mwanaidi ilibidi amshike mgongo.

Nikamwambia mudir sikioni, "Haimfai hivi. Nipe siku mbili tatu, nitaikata mikono ya pedeli, nitamshonea kiti."

"Baada ya picha, khalti."

Mpiga picha akamwambia Mwanaidi atoke. Mwanaidi akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Nikitoka, anaanguka." Basi akaambiwa ainame nyuma ya kiti asionekane. Ile picha kubwa mliyoikuta ukutani, njiani kuelekea ofisi ya mudir, ndiyo hiyo. Msichana anayecheka ni Shamsa. Nguo imefunika miguu. Vidole vinne mnavyoviona ubavuni mwake, ambavyo mmoja wenu aliwahi kuniuliza ni vya nani, ni vya Mwanaidi.

Hotuba zikasomwa, wageni wakaondoka. Mie nilikuwa nimeshachukua uzi wangu nimpime upya. Wakaja vijana wawili wa kampuni ya hafla, wakamsalimia mtoto kwa adabu, wakamwinua kutoka kwenye kiti, wakamweka kwenye kiti cha kitambaa cheupe, wakaiinua baskeli.

Bi Rayya akauliza, "Wanaipeleka kwako uirekebishe?"

Nikawafuata. "Inakwenda wapi?"

"Sur, mama. Kesho kuna hafla kama hii. Hii ni ya maonyesho. Zenyewe zitakuja."

"Zenyewe zipi?"

Kijana akainua mabega. Hakuwa na kosa, alikuwa mchukuzi. Wakaipakia, wakaifunga kwa kamba vizuri, na mtoto hakufungwa hata mkanda.

Niliporudi pale zuliani, Shamsa alikuwa bado anacheka kile kicheko cha picha, kimemganda. "Wanaileta lini?" akaniuliza.

Bi Rayya akanitazama. Mwanaidi akanitazama. Nikasema, "Sijui, mwanangu." Ndilo neno la kweli pekee lililosemwa uani siku ile.

Zenyewe hazikuja. Mudir alisema mfadhili amebadilisha mpango, kisha akasema bajeti ya mwaka imekwisha fungwa, kisha akahamishwa. Aliyekuja baada yake alinisikiliza vizuri, akasema kwenye kumbukumbu zote Shamsa wa Al Kamil anaonekana keshapewa baskeli mpya, na mtoto hawezi kupewa mara mbili ilhali wengine hawajapata. Nikamwambia aende ukutani akaitazame vizuri ile picha. Akasema ni picha nzuri sana.

Nikaanza tena, peke yangu, kutafuta fremu. Yule mzee wa Sur alikuwa amefunga duka. Mwanawe anauza simu. Vibarua wa mashambani sasa wengi wanapanda pikipiki. Kambi za Mintirib zilikuwa na baskeli nzuri lakini hazikuwa zimetupa. Joto likaingia, mashamba ya Al Kamil yakawa jiko, na Shamsa akakaa ndani. Mwanaidi alimkanda miguu kila asubuhi kama nilivyomwonyesha, akimhesabia kwa Kiswahili. Lakini kukanda si kukanyaga. Mtoto alikuwa katika umri wa kuota, na mifupa ikarefuka kuliko mishipa, na mishipa ikavuta.

Nilipopata fremu hatimaye, kwa hisani ya mwalimu mmoja wa Nizwa, baridi ilikuwa imeingia. Niliitengeneza nyumbani kwangu, sikutaka kuiweka banda lile tena. Nilitoboa mikono ya pedeli karibu kabisa na katikati, mpaka nikajua pa kutoboa zaidi hapana. Kiti nikakishona upya, kijani.

Nikaipeleka Al Kamil. Shamsa alikuwa barazani, amekuwa mwali. Akaiona. Tukamkalisha, nikafunga mkanda, nikafunga miguu. Gurudumu likazunguka robo, magoti yakakataa. Nikasogeza kiti nyuma. Nikakipandisha. Nikasogeza tena. Mwanaidi akaweka kiganja chini ya goti na kulisaidia kwa taratibu, kama tulivyozoea, na Shamsa akauma mdomo mpaka ukatoka damu, hakulia, aliendelea kuniambia, "Tena. Tena, Mama Zuwena."

Bi Rayya ndiye aliyesema. "Basi, mwanangu. Basi."

Madaktari walisema huenda upasuaji ukanyoosha kidogo, apate kukaa vizuri. Kuendesha hawakulitaja, wala sikuwauliza. Anayeuliza swali hilo ni yule asiyejua jibu.

Nikaanza kufungua vishikio. Bi Rayya akasema baskeli isikae pale, itamwumiza roho mtoto, nimpelekee mwenye haja. Shamsa akasikia.

"Mpe mwingine," akasema. "Lakini usimpige picha."

Kwa yule mwalimu wa Nizwa nikapata habari za mvulana mmoja wa Birkat al Mauz, mdogo, miguu yake bado laini. Nilikwenda mwenyewe siku ya Ijumaa baada ya sala. Nilimpima kwa uzi chini ya migomba, falaji, mfereji wa maji, inapita pembeni, mama yake kasimama na sinia ya tende hajui aiweke wapi. Marekebisho yalikuwa madogo. Alipokanyaga mara ya kwanza alipiga kelele mpaka watu wakatoka bustanini. Mama yake akanishika mkono akaubusu, akaniombea pepo. Nikaitikia amin. Nilijua ni wakati wa kufurahi, nikaitafuta furaha yenyewe njia nzima ya kurudi Ibra, sikuipata. Niliyoipata ilikuwa hasira, na bado ninayo. Nimestaafu nayo pamoja na cherehani yangu.

Wosia nilionao ni wa kifundi. Mtu akikwambieni cha zamani kitolewe kwa kuwa kipya kinakuja, mwambieni kipya kije kwanza, mtoto akikalie, akanyage mzunguko mmoja kamili. Kisha ndiyo mtoe cha zamani. Mkiambiwa mnapenda kutu, semeni ndiyo.

Al Kamil nakwenda mara kwa mara. Shamsa yuko skuli, kwenye kiti cha kusukumwa, na mdomo wake uko palepale, alhamdulillah. Mwezi uliopita tulikaa naye barazani tukimenya machungwa, binamu zake wanapita na kurudi barabarani, akaniuliza bila kunitazama.

"Yule mtoto wa Birkat al Mauz, anaendesha?"

"Anaendesha."

"Mbio?"

Nikafikiri nimdanganye, nikaacha. "Mbio," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akala pande lake la chungwa mpaka likaisha. Kisha akamwita Mwanaidi aje amgeuze kiti, aipe barabara mgongo, akasema jua linampiga. Jua lilikuwa nyuma ya nyumba.